Waja leo, waondoka leo: matibabu ya kutwa kwa mraibu

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa kazini halihusu dawa. Mama anaingia katangulia, kijana wake nyuma, kofia kaishusha mpaka kwenye nyusi. Mama anaketi, anafungua pindo la kanga, anatoa noti zilizokunjwa mara nne kabla hata hajaulizwa chochote. Kisha: "Dokta baba, utanilazia huyu? Hata miezi sita. Nimechoka kulala na masufuria chumbani."

Mimi si daktari, ni muuguzi wa afya ya akili, ila Tanga hii ukishavaa koti jeupe umekuwa dokta, nimeacha kubishana. Na la masufuria nalielewa. Kwenye nyumba yenye teja, kila kinachouzika hulala na mwenye nyumba: simu, pasi, mtungi wa gesi. Kuna baba aliniambia ameng'olewa mpaka bomba la uani, maji yakamwagika usiku kucha.

Zamani nilikuwa nikimjibu mama kama huyu kwamba si kila mraibu anahitaji kulazwa, naye akinitazama kama nimemfukuza. Siku hizi naanza na langu: "Mama, wanao walisoma bweni au kutwa?" Hapo uso unalegea. Kila mzazi anajua kwamba shule ya kutwa ni shule kamili. Mtoto anatoka asubuhi, anashinda darasani, jioni anarudi kula kwao na kazi ya nyumbani mkononi. Walimu ni walewale na mtihani ni uleule. Tofauti ni mahali pa kulala tu.

Matibabu ya uraibu nayo yana kutwa yake. Mgonjwa anafika asubuhi, anashinda kwenye tiba, jioni anarudi nyumbani. Waja leo, waondoka leo, kama tunavyosema wenyewe hapa mjini, ingawa sisi msemo huo tunautamka kwa kejeli kwa kuwa mgeni wa Tanga haondoki. Mimi hapa naumaanisha neno kwa neno.

Wamarekani, ambao hupenda kutia kila kitu namba, wamezipanga huduma za uraibu kwa ngazi kuanzia 1 hadi 4. Ngazi ya 1 ni kliniki ya kawaida, unakuja kuonana na mnasihi na kuondoka. Ya 4 ni kitanda cha hospitali chenye daktari usiku na mchana. Kutwa wameiweka 2.5, na sharti lake ni saa zisizopungua 20 za tiba kwa wiki. Chini yake ipo 2.1, ya saa 9 hadi 19. Mtu hupanda na kushuka kadiri hali yake inavyokwenda, na kushuka hakuhesabiwi kufeli. Wazo lenyewe hawakulianzisha wao. Hospitali ya mchana kwa wagonjwa wa akili ilikuwepo Moscow mwaka 1933, ambako vitanda havikutosha, kisha Montreal na London mwaka 1946. Marekani iliitia kwenye sheria ya afya ya akili mwaka 1963. Uhaba wa vitanda, basi, ndio uliomleta mtoto huyu duniani, jambo ambalo sisi wa huku tungepaswa kulielewa upesi kuliko wote.

Sasa nieleze kwa nini naing'ang'ania kutwa.

Miaka kadhaa nyuma kijana mmoja alikaa soba, nyumba ya bweni ya waraibu wanaoacha, miezi sita mizima. Soba ipi sisemi, na wenye nayo walifanya walichoweza. Alinenepa. Akarudi msikitini. Siku ya kutoka nyumbani kwao walipika pilau, nikaalikwa, na kwa mdomo wangu huu nikamwambia baba yake, "Mzee, kijana wako amepona." Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu tukamzika.

Kilichomuua si ukaidi. Mwili wa mtumiaji wa heroini huzoea, unadai zaidi na zaidi, na ukikaa bila kitu unasahau mazoea hayo haraka. Yeye alijidunga kiasi kilekile alichokiacha siku anaingia soba. Kichwa kilikumbuka kipimo cha zamani, kifua hakikukumbuka. Pumzi ikapungua, ikakata. Wiki za mwanzo baada ya kutoka soba, hospitali au gerezani ndizo za kuogopwa kuliko zote, na ndizo tunazomwachia mtu peke yake na sahani ya pilau.

Neno "amepona" sijalitumia tena.

Soba inamfundisha mtu kuishi soba. Humo hakuna pesa mfukoni, hakuna rafiki wa zamani anayepiga mbinja dirishani, hakuna njia mbili za kuchagua. Akitoka anakutana na vyote mchana mmoja. Kutwa inampa dunia hiyo kwa vipande, jioni moja moja, na kesho yake asubuhi kuna mtu wa kumsimulia kipande cha jana kilivyokwenda.

Watu wataniambia: mbona tunayo methadoni? Tunayo, na nashukuru. Huduma hiyo ilianza Muhimbili Februari 2011, leo hata hospitali ya Bombo hapa Tanga ipo. Mgonjwa anafika kila siku, anakunywa dawa yake mbele ya mtoa huduma, na kwa kuwa methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, arosto, yaani mateso ya kukosa heroini, inatulia na mtu anaweza kufikiri. Hilo si dogo. Aliyewahi kumwona mtu na arosto, kamasi, kuhara, mifupa ikimuuma kama inasagwa, hatamwambia kwamba amebadilisha ulevi kwa ulevi. (Wanaosema hivyo huwa ni watu wa kahawani, na wengi wao hawajawahi kuacha hata sigara.)

Lakini tazama saa. Kijana kanywa dawa, imetimu saa 3 asubuhi. Hana kazi. Nyumbani wanamwogopa. Siku yake zamani ilikuwa imejaa, na hili watu hawaliamini mpaka uwaeleze: teja ni mtu mwenye shughuli nyingi. Kuamka na arosto, kutafuta pesa, kupiga debe stendi au kuosha gari, kutafuta kete ya unga, kutafuta pa kutumia, kisha kuanza upya, mara tatu kwa siku. Ukimwondolea unga umemwondolea na ajira yake yote. Kuanzia saa 3 mpaka magharibi ni saa tisa tupu, na hakuna dawa ya kunywa inayojaza saa tisa.

Kazini kwetu tuliwahi kujaribu kutwa ya kimaskini. Watu kumi, mabenchi mawili chini ya mwembe, siku nne kwa wiki, saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana. Piga hesabu, ndizo saa 20. Dawa kwanza, mapigo ya moyo, kutazama mboni za macho, kipimo cha mkojo cha kushtukiza siku yoyote. Halafu uji wa pilipili manga na maandazi, ambao nimekuja kuamini ni sehemu ya tiba, maana mtu mwenye njaa hasikilizi nasaha.

Kikao cha kwanza tulikiita "jana jioni". Kila mtu anaeleza tangu alipotoka getini mpaka alipolala. Kwa vituo, bila hotuba: nilipita wapi, nilimkuta nani, nilikuwa na shilingi ngapi, moyo ulinienda mbio wapi. Mwanzoni wanadanganya wote. Wiki ya pili mmoja anachoka kudanganya, na wengine wanafuata. Kikao cha pili ni mazoezi ya hamu. Nina wavuvi wengi, kwa hiyo sihitaji maneno ya kitabuni: hamu inajaa na inapwa. Anayekimbilia unga ni kama anayeshusha ngalawa kwenye wimbi lililo kubwa kuliko yote. Ukiketi nayo, ukainywea maji, ukampigia mtu simu, inapwa yenyewe. Mvuvi mmoja wa Sahare alinisahihisha: "Dokta, ila bamvua lipo." Kweli lipo, maji yanapojaa kupita kawaida. Siku ya malipo ni bamvua, msiba ni bamvua. Tukaongeza kikao cha bamvua.

Baada ya adhuhuri ni mtu mmoja mmoja, na Alhamisi familia. Alhamisi ndiyo siku ngumu kuliko zote. Baba hataki kuja, shangazi anakuja kwa niaba yake na maneno ya miaka kumi. Lakini mgonjwa wa kutwa analala kwao, na nyumba ni wodi ya usiku. Huwezi kuiacha wodi bila maelekezo. Tunakubaliana vitu vidogo. Nani atashika pesa zake. Mlango unafungwa saa ngapi. Akirudi amelewa nani atazungumza naye, na lini, kwa kuwa si usiku uleule. Na asifungwe mnyororo. Nimeona alama za minyororo kwenye vifundo vya miguu kuliko ninavyotaka kukumbuka, na aliyefunga kila mara ni mtu anayempenda.

Kutwa ilinifundisha jambo kuhusu wanawake ambalo sikulitarajia. Kwenye soba wanawake ni wachache, nikidhani ni kwa sababu wanaotumia ni wachache. Tulipofungua benchi, wakaja watatu ndani ya mwezi, mmoja na mtoto mgongoni. Miezi sita ya bweni nani atamlelea? Aliniambia wazi, "Kaka, mie nikilala huku, mwanangu atalala wapi?" Mtoto alijifunza kutembea kati ya mabenchi yale.

Si kila mtu anafaa kutwa. Mlevi wa pombe kali anayetetemeka asubuhi mpaka apate gongo, huyo usimwambie aache leo aje kesho. Pombe ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na siku ya pili mpaka ya nne kuchanganyikiwa, kuona visivyokuwepo, hata kufa. Huyo anaanza na kitanda, akitulia ndiyo aje kwenye benchi. Hali kadhalika aliyezoea valiamu kwa wingi. Anayesema anataka kujiua asirudi nyumbani jioni. Na yule ambaye nyumbani kwao ndiko kunakouzwa, kutwa kwake ni mzaha. Bweni limeumbwa kwa ajili yake.

Gharama? Nauli. Hiyo ndiyo iliyotuangusha. Daladala kwenda na kurudi, siku nne, kwa mtu asiye na kipato, ni nyingi kuliko bei ya dawa ambayo hailipii. Wenye baisikeli walibaki, na Tanga bahati yetu ni baisikeli. Wa Pongwe alikuja wiki tatu, kisha sikumwona tena. Mabenchi bado yapo chini ya mwembe, siku nne zimekuwa mbili, na mbili si kutwa, ni kliniki yenye uji.

Mama wa masufuria nilimweleza haya yote, kwa ufupi zaidi. Akauliza analouliza kila mama: "Na akiondoka hapa saa 8 asifike nyumbani?"

Nikamgeuzia kijana kadi yake ya kliniki, upande mweupe, nikampa kalamu. Chora njia. Kutoka hapa mpaka kwenu Makorora. Akachora, mkono hautulii, mistari inapinda: geti, barabara kubwa, Ngamiani, kona. Nikamwambia weka msalaba palipo na maskani ya mateja. Akaweka mmoja. Akafikiri. Akaweka wa pili, wa tatu, na wa nne akauweka huku akimwangalia mama yake pembeni ya jicho, kwa sababu ulikuwa nyumba ya tatu kutoka kwao. Sasa chora njia isiyo na msalaba. Ikatoka ndefu, inazunguka mbali, karibu mara mbili ya ile.

Kesho yake alikuja saa 3 kasoro. Viatu vimejaa matope, kulikuwa na mvua. Kwenye "jana jioni" zamu yake ilipofika alitoa kadi mfukoni, imelowa, wino umetapakaa.

"Nilipita njia ndefu mpaka katikati. Mvua ikazidi, nikakata kona." Kimya. "Nikasimama pale kwenye msalaba wa pili. Walikuwepo. Wakaniita."

"Ukafanya nini?"

"Nikawaambia nawahi chai kwa mama." Akajicheka. "Wakanicheka na wao. Nikaenda."

Mvuvi wa Sahare akamsogezea kikombe cha uji na kuiomba ile kadi aione. Akaigeuza huku na huku, kisha akachukua kalamu yangu mezani bila kuomba na kumwonyesha uchochoro mmoja nyuma ya shule ambao kijana hakuujua, unaotokea Makorora bila kugusa msalaba hata mmoja.