Mashine ya juisi haikamui kila tunda: dhana zinazowapotezea watu hela

Kila msimu wa maembe unapopamba moto Mwanza, maulizo ya mashine za juisi yanaongezeka. Msimu ukiisha, mashine zilezile zinaletwa kwa mafundi, nyingine zinanuka moshi, nyingine hazijawahi kutoa hata jagi moja la maana. Mara nyingi mashine yenyewe haina kosa. Ilinunuliwa kwa kazi isiyo yake.

"Ukiwa na mashine ya juisi, unakamua tunda lolote"

Hii ndiyo dhana inayoua mashine nyingi kuliko nyingine zote, na wauzaji wengi hawaisahihishi kwa sababu inauza.

Mashine ya bei nafuu, ile yenye mdomo mpana juu, ndani ina sahani ya meno iliyokaa katikati ya chujio. Mota inavizungusha vyote kwa pamoja, maelfu ya mizunguko kwa dakika. Meno yanakwangua tunda, kasi inarusha kilichokwanguliwa kwenye kuta za chujio, maji yanapenya, makapi yanarukia kwenye chombo chake. Ili hayo yafanyike, tunda lazima liwe na maji yanayoachana kirahisi na nyama yake: karoti, bitiruti, tango, tufaa, nanasi, tikiti maji, tangawizi.

Sasa weka embe dodo lililoiva. Halikwanguki, linapondeka. Uji wake unaziba matundu ya chujio mara moja, juisi inakosa pa kutokea na kwenda pamoja na makapi. Chujio linaelemea upande mmoja, mashine inatetemeka na kuanza kutembea mezani. Mtumiaji anadhani haijashindiliwa vya kutosha, anakandamiza zaidi kwa kisukumio. Mota inapunguza mwendo, inavuta umeme mwingi, inapata moto, na ile harufu unayoisikia ni vanishi ya waya za mota inayoungua. Wakati huohuo juisi iliyokosa njia inashuka kwenye shafti na kuingia kwenye beringi. Wiki chache baadaye mashine inapiga kelele kama inasaga mchanga.

Embe ni la blenda, basi. Kilo moja ya nyama ya embe na lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, saga, chuja kama lina nyuzi, umepata karibu lita mbili. Papai ni hivyohivyo. Parachichi halina juisi ya kukamua. Lina mafuta, na mashine itakurudishia tope. Ndizi nayo haitoki kitu. Wenzetu wa Kagera wanapata juisi ya ndizi kwa kukanda ndizi mbivu na nyasi, tena aina maalumu za ndizi, si kwa mashine ya dukani.

Pesheni hazihitaji mashine kabisa. Kwangua kwa kijiko, weka kwenye blenda na maji kidogo, bonyeza sekunde mbili, acha, bonyeza tena mara moja au mbili, kisha chuja. Ukiacha ikizunguka, mbegu zinasagika na juisi inakuwa na chengachenga nyeusi na uchungu.

Machungwa yana mtego wake. Chungwa lililomenywa na muuzaji wa mkokoteni bado lina lile ganda jeupe, na hilo jeupe likiingia kwenye meno linaleta uchungu ambao sukari haiufichi. Kwa machungwa, malimau na ndimu nunua kikamulio cha mkono cha plastiki: kata tunda katikati, zungusha, basi. Ukwaju na ubuyu ni maji ya moto, kuloweka na kuchuja. Miwa usijaribu, nyuzi zake ngumu zinaharibu mashine na kuzuia skrubu ya mashine za polepole, zile zinazokandamiza tunda badala ya kulikwangua. Miwa ina mashine zake za chuma, zile za barabarani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, andika kwa wiki mbili juisi ambazo nyumba yako inakunywa kweli. Ikiwa orodha ni embe, parachichi, pesheni na ukwaju, kama ilivyo kwa nyumba nyingi hapa, unahitaji blenda nzuri na chujio la nailoni. Hata nanasi la Geita linatoka vizuri kwenye blenda. Mashine ya kukamua inastahili hela yako pale tu unapokunywa karoti, bitiruti na tangawizi kila wiki.

Na hapo piga hesabu. Kilo moja ya karoti hutoa takriban nusu lita. Watu wawili, glasi moja ya mililita 250 kila mmoja, siku nne kwa wiki, ni lita mbili, yaani kilo nne hivi za karoti kila wiki. Kama kapu lako la sokoni halina nafasi ya kilo nne za karoti, mashine itakaa kabatini.

"Wati nyingi ndiyo mashine bora"

Wati zinakuambia mashine inavuta umeme kiasi gani, si inakamua kiasi gani. Mashine za polepole, zenye skrubu nene inayokandamiza tunda, nyingi zina wati 150 hadi 250 tu, na zinaacha makapi makavu zaidi kuliko ile ya wati 800 inayopiga kelele. Bei yake ndiyo inayopanda, na zinataka vipande vidogo: nanasi na tangawizi zikatwe kukatisha nyuzi, sentimita mbili hivi, la sivyo nyuzi zinajizungushia kwenye skrubu.

Geuza mashine, soma kibandiko cha chini. Ukiona herufi KB na dakika, mfano "KB 1 min", maana yake mota imetengenezwa ifanye kazi dakika hiyo moja kisha ipumzike mpaka ipoe. Watu hawasomi hapo, wanakamua ndoo nzima mfululizo ya sherehe, halafu wanalaumu mashine kuwa feki.

Wanaoogopa LUKU waondoe hofu: mashine ya wati 400 inahitaji dakika 150 kumaliza uniti moja. Kinachoiumiza ni umeme hafifu. Taa zikififia jioni, usiiwashe.

"Kasi inaua vitamini"

Juisi haipati joto la kupika chochote kwa sekunde hizo. Kinachopunguza vitamini C ni hewa na muda. Mashine ya kasi inaingiza hewa nyingi, ndiyo maana juisi yake ina povu na hujitenga mapema. Inywe palepale. Ukilazimika kuweka, jaza chupa mpaka juu, kamulia ndimu, weka kwenye friji, isizidi siku moja. Umeme ukikatika usiku kucha, mwaga.

"Juisi ya nyumbani haina sukari, hata mwenye kisukari anywe tu"

Hii ni hatari, na inasemwa na watu wanaowapenda wazazi wao. Glasi ya mililita 250 ya juisi ya machungwa, bila kuongeza chochote, ina gramu 20 hadi 25 za sukari, sawa na vijiko vya chai vitano au sita. Nyuzinyuzi zilizokuwa zinaichelewesha kuingia kwenye damu umezitupa na makapi. Shirika la Afya Duniani linaihesabu sukari ya juisi kundi moja na ile ya kuongeza kwenye chai. Mzee mwenye kisukari mpe chungwa zima alitafune, tena kwa kiasi alichoelekezwa kliniki. Kama unanunua mashine kwa ajili yake, usinunue.

"Kuosha ni kusuuza tu"

Chujio ndilo linaloamua kama utaitumia mashine mwezi wa pili. Lisafishwe ndani ya dakika tano baada ya kukamua, kwa brashi ngumu, kutoka nje kwenda ndani, maji yakitiririka. Makapi yakikauka kwenye matundu, loweka kwa nusu saa katika maji ya moto kiasi na siki. Rangi ya karoti kwenye plastiki haitoki kwa sabuni. Paka mafuta ya kupikia kwa kitambaa kwanza, ndipo uoshe.

Ukiwa dukani, fungua boksi. Lishike chujio juu ya mwanga uangalie kama lina ufa kwenye ukingo wa plastiki, izungushe sahani kwa mkono usikie kama inagusa pembeni, na omba iwashwe tupu kwa sekunde kumi: isitembee mezani. Kisha muulize muuzaji kama anauza chujio la akiba la modeli hiyohiyo. Akisema hana na hajui pa kulipata, tafuta modeli nyingine, kwa sababu chujio huwahi kufa kabla ya mota.