Simu ya Bei Nafuu Huanza Kuzeekea Tumboni

Mimi ni fundi simu hapa Dodoma. Meza yangu iko hatua chache kutoka soko la Majengo, na kwa miaka mingi nimetengeneza simu za bei nafuu huku mfukoni nikiwa na ya aina nyingine kabisa: ya mtumba, ambayo huko ilikotoka ilikuwa ya watu wenye nazo. Mwaka jana ilianguka, kioo kikapasuka. Nikaulizia bei ya kioo, nikakuta kinazidi simu mpya nzima ambayo wateja wangu wengi wanaitumia. Nikaiweka kwenye droo, nikaenda dukani na shilingi 260,000, nikarudi na simu ya Android ya daraja la chini: RAM (meza ya kazi ya simu) GB 4, storeji (stoo yake) GB 64, betri ya mAh 5,000, laini mbili. Ndiyo simu yangu hadi leo. Ndiyo ninayoagizia vipuri, ndiyo ninayolipia, ndiyo inayoniamsha asubuhi.

Nilidhani simu hizi nazijua. Nimebadili vioo vyake, nimetoa betri zilizovimba, nimechomea sistimu chaji (yale matundu ya kuchomekea waya wa chaji) nisizoweza kuzihesabu. Lakini simu ya mteja hukaa kwangu saa mbili, ikiondoka imeondoka. Kuishi nayo mwezi baada ya mwezi ndiko kulikonionyesha kitu ambacho pale mezani nilikuwa nakiona nusunusu: simu ya bei nafuu huanza kuzeekea tumboni, kwenye storeji. Mengi tunayoyatupia lawama, mara prosesa, mara mtandao, mara "virusi", ni dalili za tumbo lililojaa.

Mambo mengine nitayapita haraka, kwa sababu hayakunisumbua. Kamera imeandikwa megapikseli 50, lakini picha inayotoka ina 12.5, maana vitone vinne vya sensa vinaunganishwa kuwa kimoja ili mwanga utoshe. Mchana inapiga vizuri. Usiku, si sana. Kioo cha 720 kinanitosha, ila jua la saa saba mchana pale Nyerere Square linakishinda na inabidi nikizibe kwa kiganja. Betri inamaliza siku na kubakiza, isipokuwa ninapotoka kwenda vijijini. Mtandao ukiwa dhaifu simu hutumia nguvu nyingi kuutafuta mnara, na ukiwa na laini mbili inautafuta mara mbili. Nikifika sehemu ya namna hiyo huizima laini moja.

Vumbi nalo lina neno lake. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma unaingiza vumbi laini kwenye tundu la chaji, linashindiliwa na waya kila unapochomeka, mwisho chaji inaingia kwa kubahatisha na mtu anaambiwa anunue sistimu mpya. Zima simu kwanza, tumia brashi laini ya meno iliyo kavu. Usitumie pini, pini ndiyo inayovunja vile vidole vya shaba vya ndani na kukuleta kwangu. Na ndugu zangu wa bodaboda mnaofunga simu kwenye usukani juani huku inachaji: betri ya lithiamu huharibiwa sana na joto. Nyingi ya zilizovimba ninazozitoa ni zenu.

Sasa nirudi tumboni.

Boksi la simu yangu limeandikwa RAM GB 8 kwa maandishi makubwa. Chini yake, kwa herufi ambazo lazima usogeze macho, pameandikwa 4+4. Nne za kwanza ni RAM ya kweli. Nne za pili ni kipande cha storeji kilichoazimwa kikaitwa RAM. Ukiwa umefungua programu nyingi, zile ambazo hujazigusa kwa muda zinahamishiwa kwenye kile kipande, na ukizirudia zinatolewa huko. Tatizo ni kwamba storeji ya simu za bei hii ni ya aina ya eMMC, na mwendo wake ni wa kobe ukilinganisha na RAM. Wateja wananiuliza, "Fundi, mbona ina RAM 8 na inaganda?" Inaganda kwa sababu inahamisha mizigo kwenda stoo na kurudi, na mlango wa stoo ni mwembamba. Tena kule kuhamisha ni kuandika, na kuandika kunaichosha chipu yenyewe.

Wiki ya kwanza niliizima ile ya kuazima, kwenye Mipangilio. Simu haikupungua mwendo hata kidogo, na GB 4 zangu zikarudi. Android tangu zamani ina njia yake ya kubana RAM ikijaa: inavikandamiza vilivyomo humohumo ndani ya RAM, bila kugusa storeji. Kwa mtu wa WhatsApp, simu na benki, hiyo inatosha.

Nieleze kidogo hiyo eMMC, kwa kuwa hapa ndipo kila kitu kilipo. Kwanza, ni kama daraja jembamba la gari moja: ama inasoma, ama inaandika, haifanyi yote mawili kwa pamoja. Simu za gharama zina aina nyingine, UFS, yenye njia ya kwenda na ya kurudi. Pili, chipu ya namna hii haiwezi kuandika juu ya kilichokuwapo. Lazima ifute kwanza, na haifuti kipande kimoja kimoja, inafuta bloku nzima kwa mkupuo. Ikiwa na nafasi, inaandika palipo wazi, na usafi inaufanya baadaye simu ikiwa imetulia. Ikikaribia kujaa, hapana palipo wazi. Unapiga picha moja ya mtoto, na kabla picha haijakaa, chipu inalazimika kuchukua bloku, kuhamisha vile vilivyo hai ndani yake, kuifuta, ndipo iandike. Wewe unaona duara linazunguka kwenye kioo, unaipiga simu kofi.

Kwa hiyo GB 64 si za kujaza. Nilipoiwasha siku ya kwanza mfumo wenyewe ulikuwa umeshakula kama 17. Nilijiwekea mpaka: nafasi iliyo wazi isishuke chini ya GB 10. Mara moja niliuvunja kwa makusudi, nikaijaza ikabaki GB 1 na kidogo, nikaitumia siku tatu. Kibodi ilikuwa inachelewa nyuma ya vidole vyangu, herufi zinatokea mbilimbili kama mtu anayeshtuka usingizini. Nikafuta video, ikarudi ilivyokuwa. Simu ileile, prosesa ileile.

Mtu atasema, weka memori kadi. Niliweka, na hapo niliumia. Nilinunua kadi ya GB 256 kwa shilingi 15,000, nikairundikia video zote za ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Baada ya wiki chache video za mwanzo hazikufunguka. Kadi ilikuwa ya GB 16. Chipu yake ndogo ya kuongoza ilikuwa imepangwa iseme uongo: simu ikiuliza ukubwa inajibiwa 256, na zile 16 zikijaa, kinachoandikwa baada ya hapo kinafunika cha zamani au kinapotea moja kwa moja. Kuangalia ukubwa kwenye Mipangilio hakusaidii, unasoma uongo uleule. Kipimo cha kweli ni kuijaza kadi nzima mafaili ya majaribio na kuyasoma upya. Kwenye kompyuta natumia H2testw, inachukua saa kadhaa, na sasa hivi hakuna kadi inayotoka mezani kwangu bila kupita hapo. Dada yangu hajawahi kunilaumu kwa mdomo. Video hazipo.

Kinachojaza tumbo, kwa kweli, ni WhatsApp. Mwaka huu niliwekwa kwenye kamati mbili za harusi, na kila anayeijua kamati ya harusi ya hapa kwetu anajua magrupu yake: kadi za mwaliko, video za ukumbi, sauti za mwenyekiti, orodha ya ahadi iliyopigwa picha kila siku upya. Grupu moja tu lilikula GB 6 kabla hata ya kitchen party. Hatua ya kwanza ni kuzuia: Mipangilio ya WhatsApp, Hifadhi na data, uondoe upakuaji wa kiotomatiki wa picha, sauti na video, kwa data na kwa WiFi pia. Unachotaka kukiona utakigusa mwenyewe. Bando nalo litakushukuru.

Ila kuna sehemu mbili ambazo watu hawazijui, na ndizo ninazozifungua kila siku. Fungua programu ya mafaili, ingia Android, halafu media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, WhatsApp Video. Humo ndani kuna folda inaitwa Sent. Video uliyoirekodi ukaituma, WhatsApp inabaki na nakala yake humo, na galari haikuonyeshi kwa sababu folda imewekewa alama ya kufichwa. Umetuma video miaka mitatu, nakala za miaka mitatu ziko hapo. Sehemu ya pili ni folda ya Databases, inakowekwa nakala ya meseji zako kila usiku, za siku kadhaa zilizopita. Kwa mwenye magrupu mengi, kila moja inaweza kuwa kubwa. Zile za zamani zinafutika. Iliyo mpya kabisa iache, ndiyo itakayokuokoa.

Agosti alikuja mama mmoja kutoka Mvumi, vumbi la safari bado liko kwenye kanga. Alinisalimia Kigogo kwanza, akageukia Kiswahili.

"Mwanangu, hii simu imenichosha. Watoto wakinitumia hela, meseji haiji. Mpaka wapige waniulize."

"Shikamoo mama. Hela yenyewe inaingia?"

"Marahaba. Inaingia. Wakala akinisaidia kuangalia tunaikuta. Meseji ndiyo haiji. Naambiwa haina nafasi, na picha nimeshafuta zote. Hata za marehemu baba yao nimezifuta, nikasema basi, watoto wapate kunifikia."

Niliishika ile simu nikaiangalia. GB 32, iliyobaki ni MB 90. Hali hiyo Android huuambia mtandao kwamba haina pa kuweka meseji, na meseji zinabaki zikisubiri huko. Menyu ya pesa ya nyota na reli haimhitaji mtu awe na nafasi, kwa sababu inaishi kwenye mtandao na si kwenye simu. Ndiyo maana wakala aliweza kuangalia salio. Meseji ya muamala ni SMS, nayo inataka pa kukaa.

Nikamuuliza picha alizifuta lini. Akasema baada ya mazishi ya jirani, kama wiki mbili. Nikashusha pumzi. Kwenye Google Photos picha iliyofutwa, ambayo haikuwa imehifadhiwa mtandaoni, hukaa kwenye tupio siku 30 kabla ya kupotea. Inaendelea kula nafasi muda wote huo, na ndiyo sababu kufuta kwake hakukumsaidia chochote. Alikuwa amewatoa wapendwa wake machoni tu.

Kwanza nilikwenda kwenye ile folda ya Sent. GB 7 na ushee, nyingi ni video za kwaya alizokuwa akiwatumia binti zake. Nikamweleza kwamba zikifutwa hazitafunguka tena kwenye mazungumzo yake, ila walizopokea binti zake haziguswi, akaridhia nikazifuta. Nikatoa nakala za zamani za Databases. Kabla sijamaliza, simu ilianza kuita mfululizo: meseji za muamala zilizokuwa zimekwama zinaingia moja baada ya nyingine, za juzi, za jana, ya asubuhi ile.

Ndipo nikafungua tupio. Picha 214. Nikazichagua zote, nikagusa Rejesha, nikamkabidhi simu mkononi. Alizipitisha polepole kwa kidole gumba mpaka akafika kwenye moja: mzee wa makamo amekaa kwenye kigoda chini ya mbuyu, shati jeupe, fimbo imelala magotini. Akaniambia hiyo ndiyo aliyopigwa siku walipovuna uwele mwingi. Nikamwomba ruhusa niziweke na kwenye memori kadi, niliyoipima mwenyewe, akakubali. Akatoa elfu tano, nikachukua elfu tatu ya kadi, akaenda kuwahi gari la Mvumi.