Mzee, usianze na "Nilizaliwa mwaka..."

Kazi yangu ni kutunza sauti. Watu huniletea kanda zilizokwama, simu zenye kioo kilichopasuka na flashi zinazokataa kufunguka, ilimradi wamsikie tena baba au mama. Nimeifanya muda wa kutosha kujua kwamba hotuba haisikilizwi mara mbili.

Mzazi akiamua kuwarekodia wanawe kumbukumbu, huketi wima, hukohoa kidogo, kisha huanza: "Nilizaliwa mwaka..." Hufuata shule, kazi, ndoa, halafu nasaha. Mengi ya hayo wanawe wanayajua, na mengine yamo kwenye vyeti. Kipande wanachoniomba nikisafishe ni kile cha aliposahau kuzima mashine: anacheka, anamuuliza mkewe, "Yule jirani wa juu aliitwa nani vile?" Mkewe anamtajia jina, anabisha, wanacheka wote. Dakika mbili tu, na watu wanazilia.

Kwa hiyo anza na picha, moja tu kwa kikao. Yanayoonekana yaache, mtoto ana macho. Sema nani alipiga, nani alikosekana na kwa nini, mlikuwa mmegombana au la, na saa moja baadaye kilitokea nini. Kisha taja kila uso kutoka kushoto kwenda kulia pamoja na undugu wake: "huyu ni mtoto wa dada yake mama." Nimeona albamu nzima za watu waliovaa vizuri ambao hakuna aliye hai anayewajua.

Wanasaikolojia wamegundua kwamba wazee hukumbuka zaidi mambo ya umri wa kati ya miaka 10 na 30 hivi. Basi ukijikuta unamwaga ujana huku miaka yako ya hamsini imebaki kama ukungu, usidhani akili inakutoka. Kwa miaka hiyo shika kitu mkononi: barua, risiti, funguo ya nyumba mliyohama. Mguso huamsha mengi ambayo swali haliyafikii.

Mwaka 1932 mwanasaikolojia Frederic Bartlett wa Uingereza alionyesha kwamba hatukumbuki kwa kucheza kanda iliyohifadhiwa kichwani. Kila tukikumbuka, tunalijenga tukio upya. Ndiyo maana nawasihi wazazi watenganishe "niliona" na "niliambiwa". Ni maneno mawili tu, lakini mjukuu atakayefuatilia ukoo atayashukuru kuliko tarehe kumi. Nawe na mwenzako mkitofautiana, rekodini matoleo yote mawili. Siri za walio hai ziacheni.

Mitambo isikutishe. Simu inatosha. Ilaze juu ya kitambaa kilichokunjwa, shubiri moja au mbili kutoka mdomoni, zima feni, na uchague chumba chenye mapazia na matandiko kuliko ukumbi mtupu unaorudisha mwangwi. Weka hali ya ndegeni, maana simu ikiita katikati ya habari ya marehemu, uzi hukatika na haurudi. Kama programu inakupa chaguo, rekodi kwa WAV, aina ya faili la sauti lisilobanwa: kwa ubora wa CD na chaneli moja, dakika moja hula takriban megabaiti 5, yaani kama 300 kwa saa. Nusu saa kwa kikao yatosha, sauti ya mzee huchoka kabla ya yeye mwenyewe kujua.

Faili liite kwa mwaka, mwezi na siku, kwa mpangilio huo, yajipange yenyewe. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine. Na nywila mpe mtu! Kanda ndogo za kaseti zilianza mwaka 1963, na hadi leo nikiletewa iliyokaa kabatini miongo mingi, mara nyingi naipata sauti. Simu ya juzi tu iliyofungwa kwa namba aliyoijua marehemu peke yake imenishinda mara nyingi, na kumwambia hivyo binti aliyeketi mbele yangu sijazoea bado.

Ukiona umemaliza, usikimbilie kuzima. Mwite aliye chumba cha pili, umuulize kama umekosea jina.