Kuhimili mabadiliko ya tabianchi: Wainuit na barafu yao

Kuna maneno mawili ya tabianchi ambayo watu huyachanganya. Kupunguza ni kushughulika na moshi wenyewe, ule wa viwanda na magari unaoipasha dunia joto, ili joto lisizidi kupanda. Kuhimili ni kupanga maisha upya kwa sababu joto limekwisha kupanda. Wainuit wa Kanada, wenyeji wa asili wa kaskazini yake yenye baridi kali, ambao sehemu yao katika moshi huo ni ndogo mno, wamejikuta kwenye hilo la pili bila kuulizwa.

Kwao bahari ikiganda ndiyo barabara. Barafu hiyo huiita siku (sawa na siku yetu kwa sauti tu, undugu hakuna), na juu yake hupita kwenda kuwinda sili, kutafuta kuni au kuona jamaa. Mwindaji huipima kwa kuipiga na ncha ya chusa, akiangalia chuma kinavyozama.

Majira ya baridi ya 2009/2010 yalikuwa na joto lisilo la kawaida huko Nunatsiavut, eneo la Wainuit kwenye pwani ya Labrador, mashariki mwa Kanada. Watu walitumbukia majini kwenye njia zilizokuwa salama tangu enzi za babu zao. Ndipo wenyeji wa Nain, kijiji cha huko, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Memorial wakaanzisha SmartICE, mradi wa kupima barafu. Bomba lenye vipimajoto, kimoja chini ya kingine, husimikwa kwenye barafu na kutuma vipimo kwa setilaiti. Tena kuna sleji inayokokotwa na pikipiki ya theluji, ikiwa na kifaa cha sumakuumeme: maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, barafu haipitishi, hivyo dereva anasoma unene papo hapo.

Kwangu mimi uzito wa jambo hili hauko kwenye mitambo. Wanaoiendesha ni wanakijiji wenyewe, na wazee ndio husema ni wapi pa kupimwa. Chusa hakijatupwa.

Lakini si kila kitu hupimika kikapona. Huko Tuktoyaktuk, kijiji cha pwani kaskazini-magharibi mwa Kanada, ardhi iliyoganda inayeyuka na mawimbi yanaila pwani. Mwaka 2020 nyumba kadhaa zilihamishwa zikapelekwa ndani zaidi, mbali na bahari. Huko kuhimili ni kuhama.

Na kuhimili hakumfutii mwingine deni la kupunguza. Mwaka 2005 Sheila Watt-Cloutier, kiongozi wa Wainuit, pamoja na wawindaji na wazee wa Kanada na Alaska, aliishtaki Marekani kwa moshi wake mbele ya Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika. Mwaka uliofuata tume ilikataa kulisikiliza shauri hilo.