Picha ya muda lazima iwe mbaya

Clair Obscur: Expedition 33 ilizoa tuzo tisa kwenye The Game Awards Desemba 2025, ikiwemo ile ya gemu bora ya mwaka. Wiki moja baadaye ikatangazwa mshindi tena kwenye Indie Game Awards, tuzo za gemu za studio huru, safari hii tuzo mbili. Hazikukaa. Ndani ya siku chache waandaaji walizichukua zote mbili: ya gemu bora ya mwaka wakawapa Blue Prince, ya studio inayotoa gemu yake ya kwanza ikaenda kwa Sorry We're Closed. Sababu ni kwamba Sandfall Interactive, studio ya Montpellier kule Ufaransa, ilipowasilisha gemu yake ilikubali kwamba hakuna akili mnemba iliyotumika kuzalisha chochote, kisha ikaja kuthibitisha kwamba ilitumika.

Mashabiki wamegawanyika tangu siku hiyo na bado hawajapoa. Kuna wanaosema wizi ni wizi hata ukiiba senti. Kuna wanaosema watu wazima wanalilia bango la ukutani tu ndani ya gemu. Kazi yangu mimi ni tekscha, yaani zile picha bapa zinazovishwa juu ya maumbo ya gemu ili ukuta uonekane ukuta na buti lionekane lina matope. Kilichozua zogo hili lote ni tekscha. Kwa hiyo nina la kusema, na naanzia mahali ambapo wabishi wengi hawafiki: picha ya muda.

Anayepanga mtaa wa gemu hawezi kunisubiri. Anataka kujua leo kama mchezaji akitoka kwenye kichochoro ataiona ile nguzo, na mimi bango la nguzo nitalileta baada ya mwezi. Basi anabandika kitu chochote ili kazi iende. Mila ya fani hii ni kwamba hicho kitu chochote kiwe kibaya cha kutisha. Kijivu chenye miraba. Waridi inayoumiza macho. Kwenye gemu za kampuni ya Valve zilizojengwa kwa Source, injini yao, yaani programu ya kujengea gemu, tekscha ikikosekana unaona miraba ya zambarau na nyeusi, na hakuna binadamu atakayeipita bila kuuliza. Mimi huandika BADO kwa herufi nyekundu zinazojaza picha nzima. Ubaya huo ndio ulinzi wetu. Unapiga kelele mpaka mtu auondoe.

Sasa mtu anaiambia mashine impe bango la gazeti la zamani, karatasi iliyochakaa, wino uliofifia. Sekunde kadhaa, tayari. Na linapendeza! Hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu picha ya muda imevaa nguo za picha iliyokamilika. Wapimaji wanapita mbio, wanatafuta milango isiyofunguka na wahusika wanaozama sakafuni. Nani ana muda wa kusoma gazeti la nguzoni? Gemu inatoka, wachezaji wanaingia kwa mamia ya maelfu, na katika umati huo hakosi mmoja wa kuisogelea nguzo mpaka pua iguse. Anakuta herufi ambazo si herufi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Expedition 33 ilipotoka Aprili 2025. Studio ilisema zilikuwa picha za muda zilizopenya ukaguzi, na ndani ya siku tano ikazibadilisha kwa zile zilizokusudiwa tangu mwanzo. The Alters, gemu ya 11 bit studios ya Poland iliyotoka Juni mwaka huohuo, iliumbuka vibaya zaidi. Kwenye skrini moja ya mapambo, ukisoma yale maandishi madogo ya nyuma, unakuta roboti wa maongezi akimjibu bosi wake kwamba bila shaka, hili hapa toleo lililorekebishwa, limebaki na data za kisayansi na za anga tu. Mtu alinakili jibu zima pamoja na salamu zake. Studio ikaeleza kwamba nayo ilikuwa tekscha ya muda iliyosahaulika.

Je, huo ni uzembe tu? Kwa sehemu kubwa, naam. Lakini kwa upande wa tuzo, nawaunga mkono waandaaji. Sharti lilikuwa wazi na jibu lililotolewa halikuwa sahihi. Sidhani kama kuna aliyekaa akapanga kudanganya. Nadhani aliyejibu swali siye aliyebandika bango, na hakukuwa na daftari lolote la kumwonyesha nini kilitoka wapi. Kwetu jina la kila faili la muda huanza na neno MUDA, na programu inayofunga gemu kabla ya kutoka hukataa kuendelea ikilikuta hata moja. Kuiandika ni kazi ya asubuhi moja.

Ukitaka kuona mashabiki wanakerwa na nini hasa, tazama ARC Raiders ya Embark Studios, Stockholm, iliyotoka Oktoba 2025. Roboti wake wakubwa walijifunza kutembea kwa mashine kujifundisha yenyewe, kwa kuanguka na kuinuka ndani ya kompyuta, na ukimpiga risasi mmoja mguuni anavyojaribu kujizuia asianguke ni raha tupu kutazama. Hilo wachezaji wanalisifia. Gemu ileile inatumia sauti za kompyuta zilizotengenezwa kutokana na sauti za waigizaji kwa baadhi ya maneno, na hapo moto ukawaka. Eurogamer, tovuti ya habari za gemu, waliipa nyota mbili kati ya tano, sauti hizo zikiwa lawama yao kubwa. Waigizaji waliridhia na walilipwa, studio imelisema hilo wazi. Lakini kumbuka hali ilivyokuwa. Waigizaji wa gemu wa Marekani, chini ya chama chao SAG-AFTRA, walikuwa wametoka kwenye mgomo ulioanza Julai 2024 na kusitishwa Juni 2025, na akili mnemba ndiyo iliyokuwa kiini chake. Mguu wa roboti haukumpokonya mtu tonge. Sauti ni ya mtu.

Ndiyo maana simwelewi Tim Sweeney, mkuu wa Epic, kampuni yenye gemu ya Fortnite, aliposema Novemba 2025 kwamba lebo za kuonyesha gemu imetumia akili mnemba hazina maana kwenye maduka ya gemu kwa kuwa karibu kila gemu ijayo itaitumia. Chumvi nayo imo karibu katika kila chakula, na bado tunataka iandikwe kwenye pakiti. Steam, duka la gemu la mtandaoni la Valve, inadai tamko la aina hiyo tangu Januari 2024: studio ieleze kilichozalishwa kabla ya gemu kutoka, na kile kinachozalishwa mchezaji akiwa anacheza. Hicho cha pili ni hatari ya aina yake. Epic wenyewe walipomweka Darth Vader, yule adui wa filamu za Star Wars, anayeongea kwa akili mnemba ndani ya Fortnite, Mei 2025, wachezaji walimtoa matusi mdomoni siku ileile.

Januari 2026 Valve walifafanua fomu yao: zana zinazorahisisha kazi za ndani haziwahusu, wanataka kujua kile kinachomfikia mchezaji. Kwa muuzaji ni mpaka unaoeleweka. Kwa sisi wachoraji unaacha nje sehemu inayotuuma zaidi.

Swen Vincke, mkuu wa studio ya Larian, waliotengeneza Baldur's Gate 3, alisema Desemba 2025 kwamba timu yake hutumia akili mnemba kutafuta mawazo ya awali na kuandika maandishi ya muda, ila hakuna kitakachobaki ndani ya Divinity, gemu yao ijayo. Mashabiki waliwaka, na Januari akatangaza kwamba kwenye michoro ya awali hawataigusa kabisa. Wengi waliona wachezaji wamepitiliza: kama haibaki kwenye skrini, inawahusu nini? Mimi naona safari hii waliotea pazuri. Mchoro wa awali hauonekani kamwe kwenye gemu, lakini ndipo inapoamuliwa mji uwe na umbo gani, silaha iwe nzito kiasi gani machoni, adui awe na mabega au mgongo. Mchoraji anachora arobaini, anatupa thelathini na tisa, na katika zile alizotupa ndimo alimojua anachokitafuta. Mashine ikikuletea hizo arobaini, unachagua kati ya wastani wa kazi za watu wengine, halafu mimi nakuja mwaka mzima baadaye kuuvisha tekscha za mkono wastani huo, na kwenye fomu tutaandika, bila uongo wowote, kwamba hakuna kilichozalishwa na akili mnemba.