Mama aliyeacha kazi na kikundi cha kanisani: yanayosemwa na yalivyo

Mama anapoacha kazi ya kuajiriwa ili alee watoto nyumbani, zinaweza kupita wiki kadhaa bila mtu kumuuliza hali yake, ilhali wenye maoni juu ya uamuzi wake hawakosekani. Akijiunga na kikundi cha akina mama Wakristo waliopitia njia hiyo hiyo, maoni huongezeka. Wapo wanaosema kwamba amekwenda kufundishwa kunyamaza, na wapo wanaosema kwamba mtu anayejua kuomba hana haja ya kikundi. Mengi ya hayo hutoka kwa watu ambao hawajahudhuria kikao hata kimoja.

Dhana inayosikika zaidi ni kwamba vikundi hivi vipo ili kuthibitisha kuwa mwanamke Mkristo hapaswi kufanya kazi ya mshahara. Ni kweli wapo viongozi wanaofundisha hivyo, na kulificha jambo hilo si haki. Hoja yao kwa kawaida huegemea Tito 2, ambapo wanawake wazee wanaagizwa kuwafundisha vijana kuwapenda waume zao na watoto wao, na kufanya kazi nyumbani mwao. Lakini Mithali 31, sura ile ile inayosomwa kumsifu mke mwema, inamtaja mwanamke anayeliangalia shamba na kulinunua, anayepanda mizabibu kwa mapato ya mikono yake, anayetengeneza nguo za kitani na kuziuza. Lidia wa Matendo 16 aliuza bidhaa za rangi ya zambarau, na nyumba yake ikawapokea Paulo na wenzake; Prisila na mumewe Akila walikuwa mafundi wa mahema. Kwa hiyo kikundi kinachosoma Maandiko yote hakimwambii mama kwamba alikosea kuajiriwa. Kinampokea aliyeamua kukaa nyumbani kwa hiari, aliyepunguzwa kazini, na yule aliyepiga hesabu ya mshahara wake na malipo ya mlezi wa watoto akaona hakibaki kitu.

Dhana ya pili ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu husemwa na watu wa karibu: umeamua mwenyewe, sasa unalia nini? Mtu anaweza kuchagua jambo kwa moyo wote na bado akaombolezea alichokiacha. Kazi haikumpa mshahara peke yake. Ilimpa saa ya kuanza na saa ya kumaliza, watu wazima wa kuzungumza nao, na jibu fupi kila alipoulizwa yeye ni nani. Mtazame mama huyo akijaza fomu ya kumwandikisha mtoto wake kliniki. Jina anaandika, anwani anaandika, kisha anafika kwenye nafasi iliyoandikwa “Kazi” na kalamu inasimama. Anaandika cheo chake cha zamani, anakikata, mwishowe anachora mstari na kugeuza ukurasa. Mumewe akisimuliwa habari hiyo jioni, huenda asione palipo na tatizo, wala si kwa ubaya.

Kisha kuna suala la fedha, ambalo makanisa mengi hulipita kwa haraka mno. Mwanamke aliyezoea kununua viatu vya mtoto kwa fedha zake sasa analazimika kuomba, na hata mume mkarimu kiasi gani hawezi kuliondoa neno “kuomba” katika tendo hilo. Katika kikundi, mama aliyetangulia anaweza kueleza jinsi yeye na mumewe walivyokaa mezani na daftari, wakapanga bajeti moja ya nyumba na kutenga fungu ambalo kila mmoja analitumia bila kutoa maelezo. Kwa maoni yangu, mazungumzo ya namna hiyo ni huduma ya kiroho sawa na somo lolote la Biblia litakalofuata baada ya chai.

Wengine huamini kwamba maombi ya kikundi yanatosha kumwinua mama aliyezama katika huzuni. Hapa tahadhari inahitajika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na kwamba katika nchi zinazoendelea kiwango hicho hukaribia asilimia 20. Mama anayekosa usingizi hata mtoto anapolala, aliyepoteza hamu ya kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili, au anayewaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, anahitaji mhudumu wa afya, na katika hali hiyo ya mwisho anamhitaji siku hiyo hiyo. Nabii Eliya alipoomba afe, chini ya mti wa mretemu, alipewa kwanza usingizi, mkate na maji; maneno yalikuja baadaye. Kiongozi anayemsindikiza mwenzake hospitalini hajapungukiwa na imani.

Si kweli pia kwamba vikundi hivi ni mtindo wa juzi. Mary Sumner, mke wa kasisi wa Kianglikana katika kijiji cha Old Alresford nchini Uingereza, aliwaita akina mama wa parokia mwaka 1876, wa tabaka zote, ili wasaidiane katika malezi. Inasimuliwa kwamba siku ya kwanza alishikwa na woga hata akashindwa kuzungumza, akawaomba warudi wiki iliyofuata. Mothers’ Union, umoja uliotokana na kikao hicho, leo umeenea katika nchi nyingi. Kikundi cha akina mama wenye watoto wadogo kilichoanza Colorado, Marekani, mwaka 1973, kwa jina la MOPS, nacho kilikua kutoka mkutano wa akina mama wachache.

Wapo pia wanaohofia kwamba yanayosemwa kikundini yatageuka umbea. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni ya kawaida: kikundi kidogo, kanuni ya kutunza siri inayosemwa wazi tangu siku ya kwanza, na kiongozi asiyegeuza shida ya mtu kuwa ombi la hadharani bila ruhusa yake.

Mwisho, wapo wanaoogopa kwamba kujiunga ni kuaga taaluma moja kwa moja. Wengi hurudi kazini watoto wanapoanza shule, wengine huanza na saa chache tu, na kikundi chenye busara huwapangia kikao cha jioni ili wasilazimike kukiacha. Mama anayehofia leseni yake ya kitaaluma kuisha muda anaweza kuiulizia mapema, hata kabla mtoto hajaanza kutambaa.