Uhifadhi Shirikishi: Maana Yake na Kipimo Chake

Uhifadhi shirikishi ni utaratibu ambao watu wanaoishi ndani au kandokando ya msitu, mbuga, ardhi oevu au mwambao hushika sehemu ya mamlaka ya kulisimamia eneo hilo, hubeba sehemu ya wajibu wa kulilinda na hupata sehemu ya faida itokanayo nalo. Wananchi wakiitwa mkutanoni ili wasomewe mipaka iliyokwisha kuchorwa, hapo wamearifiwa tu, ingawa taarifa nyingi za miradi huhesabu mahudhurio ya namna hiyo kuwa ushiriki.

Haja ya kuwahusisha wenyeji inatokana na makazi ya viumbe yenyewe. Tembo hufuata maji na malisho kupitia shoroba zinazokatiza ardhi za vijiji, na samaki wengi hukulia kwenye mikoko kabla ya kwenda maji ya kina. Askari wa wanyamapori hawawezi kuwapo kila mahali, ilhali mfugaji, mvuvi na mrina asali hupita huko mara kwa mara, nao huwa wa kwanza kuona chemchemi ikikauka au mazalia yakiharibiwa.

Kiasi cha mamlaka wanachopewa hutofautiana, na hapa ndipo dhana hii inapohitaji kuangaliwa kwa makini. Nchini Tanzania, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi katika ardhi yake, kuusimamia kwa sheria ndogo na kubaki na mapato yake. Lakini msitu ukiwa wa serikali, wanakijiji huusimamia kwa ubia, kwa mkataba unaoeleza wajibu na mgawo wa kila upande. Nchini Nepal, tangu sheria ya mwaka 1993, vikundi vya watumiaji hukabidhiwa msitu ilhali ardhi inabaki kuwa ya serikali. Namibia nayo, tangu 1996, imewapa wakazi wa ardhi za jumuiya haki ya kunufaika na wanyamapori.

Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watumiaji wenyewe huweza kuitunza rasilimali ya pamoja kwa muda mrefu, hasa pale mipaka inapokuwa wazi, wanaposhiriki kutunga kanuni na adhabu zinapolingana na kosa.

Hata hivyo, jamii haina sauti moja. Wanawake wanaookota kuni na wafugaji wanaofika kwa msimu ndio huumizwa kwanza msitu unapofungwa, na mara nyingi hawamo katika kamati iliyoamua kuufunga.